Dripu ya sukari isitangulie vitamini B1

Msomaji wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaykum daktari. Mdogo wangu ana mimba ya wiki 11, ndiyo ya kwanza. Tangu wiki ya 6 hakai na kitu tumboni, hata maji. Ametiwa dripu mara tatu, akirudi nyumbani siku mbili yanarudi yale yale. Juzi alipimwa damu, tukaambiwa tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, akaandikiwa kabimazoli, dawa ya kuipunguza kasi. Hajaanza kumeza, mama anaogopa. Je, ni tezi ndiyo inayomtapisha? Ameze? Jirani anasema apewe vitamini B1, lakini dukani tumeambiwa hiyo ni ya walevi, na kwetu hakuna anayekunywa. Jambo jingine dogo: tangu jana anasema akisoma simu anaona herufi mbili mbili, na akienda chooni anashika ukuta."

Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Hilo uliloliita jambo dogo ndilo lililonifanya nikupigie simu jioni ile ile, hata sijamaliza kulifikiria la tezi. Sasa mdogo wako yuko wodini na ameshadungwa B1, nawe umeniruhusu nijibu hapa kwa kirefu ili wengine wasome. Nashukuru. Shida kama hii inaweza kuingia nyumba yoyote kuanzia Faza hadi Mambrui, na nyingi hazitajua kuwa imeingia.

Nitaanza na tezi, maana ndiyo iliyowanyima usingizi.

Tezi dundumio iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo. Homoni yake ndiyo inayopanga mwili uchome chakula kwa kasi gani na moyo upige mbio au polepole. Ubongo huiamrisha kwa homoni nyingine iitwayo TSH. Tezi ikizidisha kazi, ubongo hunyamaza na TSH hushuka, ndiyo maana kwenye karatasi ya maabara TSH ndogo husomwa kuwa tezi imezidi. Kwa mtu asiye mjamzito usomaji huo mara nyingi ni sahihi. Kwa mwenye mimba changa, damuni kuna homoni ya mimba, hCG, ile ile inayotoa mistari miwili kwenye kipimo cha mkojo. Sehemu moja ya umbo la hCG ni sawasawa kabisa na sehemu ya TSH. Ikijaa damuni, tezi huipokea kana kwamba ni amri ya ubongo, nayo huongeza kazi. hCG hufika kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11, kisha huanza kushuka. Mdogo wako alipimwa katika kilele hicho hicho.

Kwa hiyo TSH ya chini katika miezi mitatu ya mwanzo si ugonjwa moja kwa moja. Hata mama mzima anayekula na kulala vizuri anaweza kupata TSH ya 0.1, na akaitwa mgonjwa kwa sababu tu karatasi imechapishwa vipimo vya watu wasio na mimba. Kwa wanaotapika sana hushuka zaidi, na wakati mwingine homoni ya tezi yenyewe hupanda. Hali hii ni ya muda. Tezi hupoa yenyewe, mara nyingi kati ya wiki ya 14 na ya 18, na kabimazoli haimpunguzii mama kutapika hata mara moja kwa siku.

Umeuliza kama tezi ndiyo inayomtapisha. Sivyo. Kutapika kumetoka kwenye mimba, na tezi kuchangamka nako kumetoka kwenye mimba hiyo hiyo. Mwishoni mwa 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni moja inayotoka kwa wingi kwa mtoto na kondo, GDF15, huamsha sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu, na kwamba wanawake waliokuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndio wanaoumia zaidi inapopanda ghafla. Nalitaja hili kwa sababu moja. Katika simu yetu nilimsikia mtu nyuma yako akisema mwali anadeka. Hadeki. Mwambie huyo, kwa heshima yake yote, kwamba hakuna mtu anayedeka mpaka akapungua kilo sita.

Sasa kabimazoli. Daktari aliyeiandika hakukosea kuiwaza, kwa sababu upo ugonjwa wa kweli wa tezi unaohitaji dawa, nao huitwa Graves. Hapo kinga ya mwili yenyewe huigeukia tezi na kuichochea, mimba iwepo isiwepo. Kuutofautisha kunaanza kwa maswali kabla ya maabara. Kabla ya mimba alikuwa na mapigo ya moyo ya mbio, jasho lisilo na sababu, mikono inayotetemeka? Ana rovu shingoni? Macho yametokeza? Kuna mama, shangazi au dada mwenye ugonjwa wa tezi? Kwa mdogo wako yote uliyajibu "la", na kutapika kulianza kwanza. Hiyo yanielekeza kwenye tezi ya mimba, si Graves. Kipimo cha kukata shauri ni cha kinga zinazoichochea tezi. Sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara kubwa, Mombasa au Nairobi, na majibu huchukua siku. Kungoja siku hizo hakuna hatari kwake, mradi hana homa kali, moyo haujashindwa na wala hajachanganyikiwa kwa sababu ya tezi.

Kuanza kumeza bila uhakika, ndiko kwenye hatari. Kabimazoli katika wiki za mwanzo, hasa kati ya 6 na 10, imehusishwa na watoto kuzaliwa na kasoro, za ngozi ya kichwa na nyinginezo kubwa zaidi. Ikithibitika ni Graves na dawa ni ya lazima, katika miezi mitatu ya kwanza huchaguliwa nyingine, propilthiourasili, nayo huangaliwa kwa sababu inaweza kudhuru ini. Moyo ukienda mbio mno, propranololi ya siku chache humtuliza mama. Lakini tafadhali, msomaji mwingine uliyekuwa na Graves tangu kabla ya mimba na unameza dawa, usiziache kwa kusoma maneno haya. Nenda kwa daktari wako wiki hii hii, mimba ikiwa changa.

Kitu kimoja zaidi kuhusu tezi: piga picha ya tumbo kwa ultrasaundi. hCG hujaa kupita kawaida mimba ikiwa ya mapacha, au ikiwa mimba zabibu, ambayo si mtoto na haina budi kuondolewa. Anayetapika namna hii na TSH imezama, picha hiyo asiikose.

Tuje kwenye herufi mbili mbili.

Mwili haukai na akiba kubwa ya vitamini B1. Mtu mzima ana takriban miligramu 30 tu mwili mzima, na asipoingiza nyingine humwishia katika wiki 2 au 3. Mjamzito anahitaji kama miligramu 1.4 kila siku. Hesabu sasa: mdogo wako hakai na chakula tangu wiki ya 6, nawe umeniandikia akiwa wiki ya 11. Ni wiki 5. Juu yake, tezi imechangamka na mwili unachoma mafuta na sukari kwa kasi, na kila kinachochomwa kinakula B1. Hapo ndipo mambo mawili uliyoyauliza kando kando yanapokutana. Tezi ya mimba yenyewe ingepita bila kumdhuru, ila imemmalizia akiba ambayo tayari ilikuwa inaisha.

Halafu ikaja dripu. Nilikuuliza ilikuwa na maandishi gani, ukanisomea kwenye picha uliyoipiga chupa: "Dextrose". Hiyo ni sukari. Sukari haichomeki bila B1. Ukimmiminia mtu aliyeishiwa, ile chembe iliyobaki inatumika yote kwa mkupuo, na ubongo, unaoishi kwa sukari karibu peke yake, ndio unaoumia mwanzo. Sehemu zinazoumia ni zile zinazoongoza macho, mwendo na kumbukumbu. Ugonjwa huo huitwa Wernicke.

Nimeona hivi kwa macho yangu. Miaka mingi nyuma tuliletewa binti hapa Malindi, mimba ya miezi mitatu, katapika wiki sita. Sehemu mbili alikopitia, ambazo sizitaji, alitiwa dripu za sukari bila B1, moja baada ya nyingine. Kila baada ya dripu alichangamka saa chache, kisha akazidi. Alipofika kwetu alikuwa akitembea miguu imepanuka kama mtu aliye ndani ya mashua yenye mawimbi, na macho yakitikisika pembeni. Mkononi alikuwa amefungwa uzi mweusi na shingoni hirizi, kwa sababu nyumbani walishaamua ni jini. Tulimpa B1 kwa mshipa. Siku ya pili macho yalitulia. Kutembea kulichukua miezi. Jina la mtoto wa jirani aliyemlea mwenyewe halikumrudia hata nilipomwona mwaka uliofuata.

Sisemi dhidi ya dua. Mama yako akitaka mwalimu asome, asome, hata wodini. Lakini mjamzito anayetapika wiki kadhaa, akaanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba, kusahau au kulala kupita kiasi, kombe la dua na kisomo visimcheleweshe boti. Hili nalisema kwa kila nyumba ya Lamu.

Kwa nini basi B1 ikaitwa dawa ya walevi? Kwa sababu pombe huleta upungufu wa B1, na katika nchi zenye unywaji mwingi madaktari wengi huuona ugonjwa huu kwa wanywaji. Lakini daktari Carl Wernicke alipouandika mwanzo, mwaka 1881, alikuwa na wagonjwa watatu. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu alikuwa msichana mshona nguo aliyekunywa asidi, tumbo likaharibika, akawa anatapika tu. Tangu siku ya kwanza ya ugonjwa huu vitabuni, mwanamke anayetapika alikuwemo. Ukiambiwa tena dukani kwamba ni ya walevi, nunua uondoke nayo. Na daktari wa zamu akiuliza "anakunywa?", ukajibu "hanywi", usikubali swali liishie hapo. Mwambie, "Katapika wiki tano."

Kuna na jambo la chakula chetu. Mwishoni mwa karne ya 19, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wake wanapepesuka miguu. Walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali. Mpishi mpya alipokataa kuwapa kuku wali huo, wakarudishwa kwenye mchele usiokobolewa vizuri, wakapona. Kilichokosekana kilikuwa kwenye pumba, nacho ndicho tunachokiita B1 leo. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Sisi nasi twapenda mchele mweupe, tunauosha maji matatu, wengine wanauchemsha na kumwaga maji. B1 kidogo iliyobaki huenda na maji hayo. Mtu mwenye afya hapati shida, kwa sababu analipia kwa mbaazi za nazi za asubuhi, kunde, pojo, samaki na nyama. Lakini aliyeingia kwenye mimba akila wali na chai tu, akiba yake tangu mwanzo ni ndogo. Chai ya rangi nzito ikinywewa pamoja na chakula huizuia B1 nayo.

Sasa jinsi ya kumwangalia mtu nyumbani. Mkalishe, simama mbele yake kwa umbali wa mkono, inua kidole chako, umwambie akifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Kipeleke polepole kulia hadi mwisho, ukisimamishe hapo kwa kuhesabu hadi tano, kisha kushoto, kisha juu. Tazama kama jicho linatikisika kama limekwama likajaribu kuruka, au kama jicho moja halifiki. Muulize anaona kidole kimoja au viwili. Mwambie atembee hatua kumi sakafuni, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa mbele, na wewe uwe ubavuni umshike. Muulize leo siku gani, na jana usiku nani alikuja. Usingoje yatimie yote. Wengi wenye ugonjwa huu hawana dalili zote tatu za macho, mwendo na akili. Moja inatosha kwenda hospitali usiku huo huo. Na kutokuwepo dalili hakumaanishi apewe sukari bila B1.

Hospitali, mpangilio ni huu. B1 huingia kwanza, sukari baadaye kama italazimu. Maji ya kumrudishia mwili ni ya chumvi ya kawaida pamoja na potasiamu, kwa kuwa anayetapika hupoteza potasiamu nyingi. Mjamzito anayetapika bila dalili za ubongo hupewa kama miligramu 100 mara tatu kwa siku, kwa mdomo akiweza, vinginevyo kwa mshipa. Ukishukiwa ugonjwa wa Wernicke dozi hupanda sana, mpaka miligramu 500 kwa mshipa mara tatu kwa siku, ndani ya dripu ya nusu saa, siku kadhaa. Hakuna haja ya kungoja kipimo cha B1. Ukiahirisha siku moja unaweza kupoteza kilichobaki. Magnesiamu nayo ipimwe au iongezwe, kwa sababu B1 haifanyi kazi bila yake. B1 haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kukaa mwilini mwa mama aliyeishiwa.

Na msidanganyike na rangi. Mara nyingi chupa ya dripu hutiwa sindano ya vitamini B kompleksi, maji yakageuka manjano mazuri, na familia ikaona vitamini zimeingia. Manjano ile ni ya B2. Haikwambii B1 ni miligramu ngapi. Ampuli nyingine zina 100, nyingine zina 10 au chini. Ombeni muone lebo. Muuguzi mwema hatakasirika.

Kule nyumbani, baadaye, msimlazimishe sahani kubwa ya wali. Kidogo kidogo, kila saa, kikavu, bila harufu kali: mkate, biskuti ya chumvi, ndizi, mbaazi zilizopondwa akizivumilia. Tangawizi inasaidia kichefuchefu kidogo, ila haifai kitu kwa aliyefika hali ya mdogo wako. Unga wa glukosi wa kopo ambao watu wengi wanaukoroga kwenye maji, acheni kumpa mpaka B1 imeshaingia kwa siku kadhaa. Maji ya ORS ni sawa, sukari yake ni kidogo na ipo kwa ajili ya kuvuta chumvi. Vidonge vya kliniki vya chuma na foliki ni muhimu, lakini havina B1 ndani yake, na chuma humzidishia wengine kutapika. Mwambieni mkunga wa kliniki, atampa foliki peke yake mpaka tumbo litulie.

Mmeniuliza kwa simu pia kama ni kwa sababu ya chumvi ya iodini au ya kula samaki. Hapana. Aendelee na vyote viwili.

Kwa leo, kabimazoli ikae kabatini. Ultrasaundi ifanywe kabla hajaruhusiwa, na damu ya kinga za tezi ichukuliwe. Rudieni TSH na homoni ya tezi wiki ya 16 hadi 18. Ikiwa TSH imepanda kurudi kawaida, faili hilo limefungwa. Ikiwa bado imezama, mje Malindi au mwende Mombasa tuutafute ugonjwa wa Graves kwa utulivu. B1 ya vidonge aendelee nayo mpaka amekula vizuri wiki nne mfululizo. Na jioni ya leo, ukienda kumtembelea, simama mbele ya kitanda uinue kidole chako, uniandikie anaona vingapi.